Kutafuta jua wakati wa Noeli: ni zambi?



Kila mwaka, siku za Noeli zikipita, malalamiko ya namna moja yanafika masikioni mwetu. Mtoto wa jamaa fulani anayekaa Ubelgiji ametuma picha: amevaa kaputula, amelala pembeni ya bahari huko Tenerife, katika visiwa vya Canarias vya Hispania. Nyumbani wanauliza: feza za ndege na hoteli anazo, lakini za mabati ya nyumba ya mama yake hana? Wengine wanacheka tu: nani analipa feza juu ya jua? Huku kwetu tunalipata bure, hata tusipolitaka.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Siku za Noeli, kule Bruxelles jua linatoka karibu saa tatu kasoro robo ya asubui, na kabla ya saa kumi na moja limekwisha kuzama. Mtu anayesafisha ofisi anatoka nyumbani katika giza na anarudi katika giza. Sisi tunaokimbilia kivuli cha muembe hatuwezi kupima kiu yake.

Basi, kwa nini asije kwetu? Tuseme ukweli. Tiketi ya Kinshasa ni bei kali kuliko ile ya visiwani, tena anayefika kwetu hapumziki. Kabla hajafungua valisi, mlango umejaa watu: huyu ana minervali ya watoto, huyu ana deni la hospitali, yule anataka mali ya kuoa. Kusaidia jamaa ni wajibu, wala hatusemi asahau mabati ya mama. Lakini wajibu haumgeuzi mtu kuwa punda. Na punda mwenyewe, katika sheria ya Sabato, alihesabiwa kati ya wenye kupumzika.

Hapo ndipo swali kubwa linapoanza, maana sheria ileile inamhesabu mtumishi pia. Pumziko halikupewa bwana wa nyumba peke yake. Je, asubui ya tarehe 25, nani anatandika kitanda cha ndugu yetu kule hotelini? Visiwa vile vina wakaaji milioni mbili na kidogo. Mwaka wa 2024 vilipokea wageni zaidi ya milioni 17. Feza za wageni zinalisha jamaa nyingi, ni kweli. Lakini tarehe 20 Aprili 2024, wenyeji makumi ya maelfu walitembea barabarani kulalamika: nyumba zimegeuzwa malazi ya wageni, kodi imepanda, na mshahara wa mfanyakazi hautoshi kuilipa. Waliomba kuwe na mpaka.

Tena kuna wageni wa namna nyingine. Mwaka huohuo wa 2024, watu zaidi ya 46,000 walifika visiwani humo kwa mitumbwi, wengi wakitoka pwani za Mauritania na Senegal. Wengine hawakufika, bahari iliwameza. Ni bahari ileile anayoogelea ndugu yetu.

Aache kuogelea? Hapana. Akitoka majini, hakuna mtumbwi hata mmoja utakaookoka kwa sababu hiyo. Tunamwomba jambo dogo zaidi, na labda gumu zaidi: asilale pale kama mtu asiyeona. Yule mama anayefagia chumba, amsalimie kwa jina lake, na amwachie kitu, maana naye yuko kazini siku ambayo watoto wake wanamngojea.

Na picha? Aitume. Ila aandike chini yake ni miezi mingapi ya kazi ya usiku iliyolipa zile siku saba za konje. Vijana wetu wanaona kaputula na bahari. Miezi ile hawaioni. Mmoja anaitazama picha usiku, asubui anauliza njia ya kwenda Mauritania.