Alikuwa Anakwenda Wapi?

Katika miaka yangu ya ualimu niliwatafuta watoro wengi. Wengine niliwakuta kituo cha basi, wengine mtoni, na mmoja nilimteremsha kutoka juu ya mwembe. Lakini mtoro aliyenipa somo kubwa kuliko wote nilimtafuta nikiwa nimekwisha kustaafu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe hapa Muheza, nimepiga magoti sakafuni na tochi mkononi. Mtoro huyo alikuwa kinyonga.

Mjukuu wangu, mvulana wa miaka tisa, alikuja kwetu kutoka Dar es Salaam kwa likizo ya Juni. Siku ya pili tu alimwona kinyonga kwenye ua wa nyumba, akampandisha juu ya kijiti na kumleta ndani. Alimtengenezea makao katika boksi la sabuni, akatia tawi la mpera na kulifunika kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Alimwekea maji katika kifuniko cha chupa, kinyonga hakuyagusa. Nikamweleza kwamba mnyama huyu hunywa matone yaliyo juu ya majani, basi kila asubuhi akawa ananyunyiza maji kwenye lile tawi. Alimkamatia panzi mpaka magoti yake yakajaa mikwaruzo. Tumbo la kinyonga lilikuwa nene, nasi tulidhani ni shibe ya panzi.

Sikumkataza mtoto. Nilijiambia kuwa anajifunza sayansi. Aliyekataa ni binti anayetusaidia kazi za nyumbani, ambaye alisema hawezi kulala nyumba moja na mnyama yule. Sikumlaumu, kwani hofu hiyo ni ya zamani. Makabila mengi ya Afrika husimulia kwamba Mungu alimtuma kinyonga awapelekee wanadamu habari kuwa hawatakufa, naye akajikokota njiani hata mjusi akamtangulia na habari ya mauti. Tangu hapo kinyonga amebebeshwa lawama ya makaburi yetu yote.

Siku ya nne jioni tulikuta boksi ni tupu. Chandarua kilikuwa kimesukumwa upande mmoja.

Tulitafuta nyumba nzima. Tulitazama chini ya vitanda, nyuma ya kabati, ndani ya viatu, katika mikunjo ya mapazia. Giza lilipoingia nilichukua tochi, maana kinyonga anapolala usiku rangi yake hupauka, akamulikwapo huonekana kwa urahisi kuliko mchana. Hatukumwona. Mtoto akaanza kulia. "Babu, amenikimbia," alisema. "Nilimpa panzi kila siku. Kwa nini amenikimbia?"

Nikamjibu kama nilivyozoea kujibu kwa miaka mingi: "Usilie. Tukimpata, safari hii tutamfungia vizuri." Jibu hilo lilinitoka kirahisi, wala sikuona kosa ndani yake.

Kesho yake, yapata saa tisa alasiri, mke wangu aliniita kutoka baraza ya nyuma. "Mwalimu, njoo uone. Njoo polepole." Pale barazani ana ndoo kuukuu iliyotoboka ambamo amepanda mrehani. Kinyonga alikuwa ndani ya ndoo ile, nusu ya mwili wake imezama katika shimo alilochimba mwenyewe, kichwa kimetokeza juu, miguu imejaa udongo. Jicho moja lilitutazama sisi, na lingine lilitazama ukutani.

Mjukuu wangu alinyoosha mkono amchukue. Mke wangu akaushika. "Mwache," alisema. "Anazaa."

Tulikaa chini, sote watatu, tukatazama hadi jua likaribie kuzama. Aliyataga mayai yake, kisha akaanza kufukia. Alivuta udongo kidogo kidogo kwa miguu, akaushindilia, akapumzika, akavuta tena. Haraka hakuwa nayo, lakini kazi hakuiacha. Alipomaliza tumbo lake lilikuwa limenywea na ngozi imelegea kama nguo ya kuazima. Mtoto akanong'ona, "Babu, kumbe hakuwa anatukimbia. Alikuwa anakwenda mahali."

Msomaji mpendwa, maneno hayo ya mtoto yalinichoma, nami sina budi kueleza sababu yake.

Katika miaka ya themanini nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya bweni ambayo sitaitaja. Palikuwa na mvulana wa darasa la sita, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Katika muhula mmoja alitoroka mara tatu. Mara tatu nilitoka kumtafuta, na mara tatu nilimpata. Kila nilipompata niliuliza swali lile lile: "Kwa nini umetoroka?" Alinyamaza. Nilihesabu kimya chake kuwa ni kiburi, nikamchapa viboko, nikaandika katika daftari la adhabu kama kanuni ilivyotaka: jina, kosa, idadi ya viboko, na mahali alipokamatwa.

Mara ya nne sikumpata. Baba yake alikuja shuleni, mkulima aliyevaa koti lililopauka mabegani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira yake, lakini hakuwa na hasira. Alisoma kurasa za daftari nilizomfungulia, kisha akaweka kidole juu ya karatasi. "Mwalimu," alisema, "kwetu ni magharibi. Mara zote tatu umemkamata barabara ya mashariki. Alikuwa anakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliandika barabara ile mara tatu kwa mkono wangu mwenyewe na sikuisoma hata mara moja. Mtoto yule hakurudi shuleni kwetu. Baadaye nilihamishwa, na mpaka leo sijui alikuwa akimfuata nani au nini mwisho wa barabara ile.

Nimelifikiri sana jambo hili tangu alasiri ile ya baraza ya nyuma. Mtu aliyepotewa huwa na maswali mawili. La kwanza ni "kwa nini umenikimbia?" Hilo ni swali linalomhusu mwenye kupotewa. Ndani yake mna heshima yangu iliyoguswa, rejesta yangu yenye pengo, panzi wangu waliopotea bure. La pili ni "ulikuwa unakwenda wapi?" Swali hili linamhusu aliyepotea. Linakubali kwamba alikuwa na safari yake kabla sijamkuta, na kwamba boksi langu, hata kama lilitengenezwa kwa upendo, lilikuwa katikati ya njia yake.

Najua nitaambiwa kwamba nawatetea watoro. La hasha. Mwalimu asiyemtafuta mtoto aliyetoroka si mwalimu. Barabarani kuna magari, mtoni kuna mamba, na mjini kuna watu wabaya kuliko mamba. Hata kinyonga yule, kama angebaki siku nyingi nyuma ya kabati, angekufa kwa kiu. Kutafuta ni wajibu. Lakini wajibu huo hauishii pale mkono unapomshika aliyepotea. Hapo ndipo unapoanza, na sisi wengi ndipo tunapoumalizia.

Nitaambiwa pia kwamba kinyonga hawezi kuulizwa kitu. Ni kweli, hasemi. Lakini asiyesema anatudai kutazama zaidi, maana mwili wake ndio maneno yake. Lile tumbo lilikuwa linasema tangu siku ya kwanza. Sisi tulilijibia wenyewe kwamba ni shibe, kwa sababu shibe ilitusifu sisi tuliompa chakula. Na si tumbo tu. Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto kwamba kinyonga hubadili rangi ili afanane na mahali alipo, kisha tukalitumia jina lake kumtukania mtu kigeugeu. Baadaye nilijifunza kwamba mara nyingi rangi yake hubadilika kwa sababu ya hali yake mwenyewe: baridi au joto, hofu, hasira, au kumkuta kinyonga mwenzake. Yaani mnyama tuliyemwita mnafiki huonyesha moyo wake juu ya ngozi. Tulimtazama karne nyingi, tukaona tabia zetu.

Wako pia wanaompenda kwa namna ya kumnunua. Vinyonga wa milima yetu hii ya Usambara walisafirishwa miaka mingi kwenda kufugwa ndani ya vioo huko Ulaya na Marekani, hadi mwaka 2016 serikali iliposimamisha biashara ya kupeleka wanyamapori hai nje ya nchi. Siamini kwamba wanunuzi wale wote walikuwa wakatili. Yaelekea wengi walinyunyiza maji na kutafuta wadudu kwa bidii kama mjukuu wangu. Mapenzi hawakukosa. Walichokosa ni lile swali la pili.

Jioni ile mtoto alileta boksi lake, akasimama nalo mlangoni. Nilikuwa tayari kumhubiria, lakini kwa mara moja katika maisha yangu nilifunga mdomo. Alimtazama kinyonga akishuka polepole kwenye ukingo wa ndoo, akaliweka boksi chini, akachukua kijiti kile cha siku ya kwanza na kukinyoosha. Kinyonga akapanda. Wakaenda pamoja mpaka kwenye ua, naye akaungojea mguu wa mwisho uache kijiti na kushika jani.

Mayai ya kinyonga hukaa sana ardhini, miezi mingi, pengine hata kukaribia mwaka. Mke wangu amekataza mtu yeyote kuihamisha ndoo ile, wala kuuchimbia mrehani wake. Kila Jumapili mjukuu hupiga simu kutoka Dar es Salaam, na baada ya shikamoo huuliza kama wametoka. Bado, namjibu. Huenda watatoka, huenda hawatatoka.

Nami kila nipitapo pale barazani namkumbuka mvulana wa barabara ya mashariki. Kama yu hai, sasa ni mtu mzima, labda ana wajukuu. Maisha yangu yote niliwaambia wanafunzi kwamba kuuliza si ujinga. Niliiandika methali hiyo ubaoni kwa chaki, kwa mwandiko wa kupendeza, na chini yake alikaa mtoto aliyekuwa akingoja nimwulize.