Mvua Hii Ni Kosa la Nani?

Kuna swali ambalo huingia katika ndoa kimyakimya, na likishaingia ni kazi kulitoa. Jambo linapoharibika nyumbani, je, ni lazima mmoja wenu awe amekosa? Tukiulizwa hivyo waziwazi, wengi wetu tutajibu la hasha. Lakini hebu tutazame tunavyotenda.

Nawapa mfano wa mume na mke wanaoishi Uingereza, kwa kuwa baadhi yenu mna ndugu huko, na wengine mwasoma ukurasa huu mkiwa huko huko. Tuseme mke ni muuguzi, naye mume hufanya kazi katika makao ya wazee. Huyu akitoka zamu ya usiku, yule yuaingia ya mchana. Hupokezana watoto mlangoni pamoja na funguo. Wana mtoto wa miaka saba na mwingine wa miaka mitatu, na kwa mwaka mzima hawajakaa wote wanne mezani siku tatu mfululizo. Basi wameamua kwenda kupumzika juma moja huko Lake District, nchi ya milima na maziwa kaskazini-magharibi.

Wataenda lini? Si wakati wanaoutaka wao. Shule hufungwa kwa juma moja hivi mwishoni mwa Oktoba, majani yanapopukutika. Mzazi akimtoa mtoto shuleni siku nyingine bila ruhusa, yumo hatarini kupigwa faini. Tangu Agosti 2024 ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, nayo huwa 160 asipolipa katika siku 21. Kwa hiyo wazazi wote husafiri juma lile lile, na wenye nyumba za kukodi walijua hilo zamani, wakapandisha bei. Pesa zimelipwa tangu Juni na hazirudi.

Halafu mvua inanyesha. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kijumba kina chumba kimoja cha kukaa, soksi zimeanikwa juu ya hita, kigari cha mtoto kinachuruzika maji mlangoni. Saa za nchi ile hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na baada ya hapo jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mtoto mdogo analia, mkubwa anauliza mashua ni lini. Ndipo linapotoka lile neno: "Mama watoto, si nilikwambia tubaki nyumbani?" Na jibu liko tayari: "Wewe ndiwe uliyesema Oktoba si vibaya!"

Tazameni sasa kilichotokea. Mvua imepata mwenyewe.

Ukweli ni kwamba milima ile haingojei kosa la mtu. Upepo wenye unyevu hutoka bahari ya Atlantiki, hugonga milima, hupanda, hupoa, na maji hushuka. Kijiji cha Seathwaite, katika bonde la Borrowdale, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Nairobi haifikii nusu yake. Na tarehe 5 Desemba 2015 pale Honister, karibu na hapo, zilipimwa milimita 341.4 kwa saa 24 tu. Mwendao huko Oktoba mwajua mwendako, au mngeweza kujua, nyote wawili. Kama kuna aliyepima vibaya, basi mlipima pamoja, mkakubali kwa sababu hamkuwa na juma lingine.

Mbona basi twamtafuta mkosaji? Nadhani ni kwa kuwa hasara isiyo na mwenyewe ni nzito kuibeba. Tukimpata wa kulaumiwa, uchungu unapungua kidogo, kwa maana sasa ni mzigo wake. Kwa anayelaumu, hiyo ni nafuu ya kweli, sikatai. Ila analipa mwingine, na analipa kwa jambo asilolitenda. Kwa lugha ya kawaida hiyo ni dhuluma, hata ikisemwa kwa sauti ya chini jikoni.

Wanaoishi mbali wana pesa za kuzidisha ukali wa jambo hili. Pauni zilizokodi kijumba kile zingeweza kuezeka nyumba ya mama mzazi, au kumlipia mdogo wa mume karo ya muhula. Kila tone linaloanguka linaonekana kama shilingi inayopotea. Hapo nasema wazi: kama kulikuwa na haja ya kuchagua kati ya paa na safari, mahali pa kuchagua palikuwa mezani mwezi wa Juni, mkiwa wawili na mahesabu mbele yenu. Kulileta paa la mama ndani ya kijumba cha Oktoba, pesa zikiwa zimekwisha kulipwa, hakumsaidii mama hata bati moja.

Na mama mwenyewe, mkimpigia simu juma hilo, huenda akawaambia kwamba vuli imechelewa, mahindi yananyauka, na jirani zake wanatazama mawingu kila asubuhi. Sisemi mfurahie mvua ya Uingereza kwa ajili hiyo. Soksi mbichi ni soksi mbichi. Nasema tu ni vigumu kumlaumu mwenzio kwa kitu ambacho mama yenu anakingoja kwa hamu.

Wako pia watoto. Watu hupenda kusema kwamba watoto hawajali mvua, na yule wa miaka mitatu kweli ataruka ndani ya dimbwi na gambuti zake hadi achoke. Wa miaka saba ni habari nyingine. Yeye ndiye aliyeomba mashua. Akisikia baba na mama wakibishana ni nani aliyetaka safari hii, anajua jibu ambalo wao wamelisahau: ni yeye. Atalala nalo, na hatawaambia.

Kwa hiyo asubuhi ya nne, mmoja wenu na aseme mbele ya watoto, "Tumenyeshewa." Sisi, sote, tumenyeshewa. Kisha mwende Keswick. Mlima ulio juu ya Borrowdale ndiko ilikochimbwa ile madini nyeusi ya penseli tangu miaka ya 1500, na penseli zikawa kazi ya mji ule. Mtoto wa darasa la pili atakuwa na maswali ya kuwatosha mpaka chakula cha mchana. Mashua katika ziwa la Derwentwater nayo iulizieni pale pale. Likiwa na mawimbi, ngojeni kesho.

Na yale makoti ya watoto yaliyosahaulika nyumbani? Hilo sasa lina mwenyewe. Aliyefunga mizigo aseme, "Nimesahau," mwenzake aseme, "Haya," na mwingie dukani kununua mawili ya bei nafuu, makubwa kidogo, ili yawatoshe hata mwaka ujao.