Kengele ya Kusikika, Si ya Kushtua

Kengele ya baiskeli hupiga hodi barabarani. Humjulisha aliye mbele kwamba nyuma yake anakuja mtu mwenye mwendo wa kasi kuliko wake, naye hupata nafasi ya kusogea, kumshika mtoto mkono, au kusimama pale pale alipo. Baiskeli haina mngurumo. Tairi zikiwa na upepo wa kutosha na mnyororo ukiwa na mafuta, huweza kumfikia mtu mgongoni bila yeye kuhisi lolote. Kwa sababu hiyo kifaa hiki kidogo, ambacho wanunuzi wengi hukichagua kwa kuangalia mng'ao, kinastahili kufikiriwa kabla ya fedha kutolewa.

Uvumbuzi wake huhesabiwa kuwa wa John Richard Dedicoat wa Birmingham, Uingereza, aliyepata hataza mwaka 1877, enzi za baiskeli za gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Umbo lililotokana na kazi za wakati ule halijabadilika sana. Baiskeli nzito zilizoenea Afrika Mashariki, Raleigh kutoka Nottingham, Hero kutoka Ludhiana nchini India na Phoenix kutoka Shanghai, zilizoeleka na kengele ya kikombe kikubwa cha metali, mara nyingi nembo ya kiwanda ikiwa imegongwa juu yake. Baiskeli nyingi za leo huja na kengele ndogo zaidi, ya plastiki nusu na bati nusu, na wapo wanaokwenda nazo bila kengele kabisa wakitegemea koo lao.

Mnunuzi hupenda kuuliza kama kengele inalia kwa nguvu. Swali si baya, ila halitoshi. Mahali pa wazi, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kengele inayotoa desibeli 90 mita moja kutoka kwenye kikombe chake hubaki na kama desibeli 70 mita 10 mbele, na 64 mita 20 mbele. Barabara yenye malori na pikipiki huwa na kelele za kiasi hicho au zaidi. Kwa hesabu ya nguvu peke yake, basi, kengele ingemezwa na injini kila siku.

Haimezwi kwa sababu sauti yake ni nyembamba. Mngurumo wa injini na mvumo wa matairi ni sauti nzito kwa sehemu kubwa, na sikio la binadamu huwa kali zaidi kwa sauti zilizo kati ya hezi 2,000 na 5,000. Kengele iliyotengenezwa vizuri hulia katika eneo hilo, ikajipenyeza mahali ambapo pana kelele chache. Lakini wembamba nao una mpaka. Watu wanapozeeka, sauti nyembamba sana ndizo za kwanza kupotea masikioni mwao, na wazee ndio wanaohitaji muda mrefu zaidi wa kusogea. Vikengele vidogo mno, vya aina ya kuchezea watoto, huweza kumtoboa masikio kijana wa dukani na bado vikampita babu bila yeye kugeuka. Kikombe kipana hutoa sauti nzito kidogo kuliko kikombe chembamba cha metali na unene ule ule, na hapo ndipo kengele za zamani zilipokuwa na faida yake. Ukubwa wake haukuwa mapambo.

Jambo la pili ni kudumu kwa mlio. Kikombe cha shaba ya manjano kikigongwa mara moja huendelea kuimba kwa sekunde kadhaa. Chuma cha pua chenye unene wa kutosha nacho hulia vizuri. Bati jembamba lililong'arishwa kwa kromiamu hutoa mlio mfupi unaokufa haraka, na kikombe cha plastiki hutoa kitu ambacho ni kwa heshima tu mtu ataita mlio. Sauti inayodumu humpa msikilizaji nafasi ya kujua inatoka upande gani. Ya mkato humfanya ajiulize kama amesikia kitu au la, na kufikia hapo baiskeli imeshafika.

Kwa namna ya kugongwa, kengele za kawaida ni za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya kusukuma kwa dole gumba. Ndani ya kikombe mna meno ya gia. Mkono wa kengele ukisukumwa, gia huzungusha kipande cha chuma chenye vijisahani viwili vilivyolegea, navyo hurushwa nje kwa mzunguko na kugonga ukuta wa kikombe mara nyingi kwa msukumo mmoja. Ndiyo inayotoa ule mlio wa kriing unaotambuliwa na kila mtu, na kutambulika huko kuna thamani: asikiaye hana haja ya kufikiri ni kitu gani. Ubaya wake ni kwamba gia hazipendi vumbi. Ya pili ina kijinyundo cha nje kilichoshikwa na springi, kinachovutwa na kuachiliwa. Haina mambo mengi ya kuharibika na mlio wake ni safi, wa pigo moja linalodumu. Hata hivyo, kwenye barabara ya changarawe nyundo hiyo hutikisika na kujigonga yenyewe, na kengele inayolia muda wote huzoeleka hadi isisikilizwe tena.

Kisha kuna honi. Honi ya mpira ya kubinya imedumu mikononi mwa wachuuzi wa samaki na mikate, na inawafaa kwa sababu kazi yake kwao ni kuita wateja kutoka ndani ya nyumba. Honi za betri hulia kwa nguvu mpaka chaji iishe, na kwa kawaida huisha siku isiyotakiwa. Zipo pia honi za upepo, zenye kichupa kinachojazwa kwa pampu ya baiskeli, ambazo hutangazwa kufikia desibeli 115. Dereva aliyefunga vioo na kuwasha redio ataisikia hiyo, tofauti na kengele, ambayo kwa kweli haimfikii. Tatizo ni aliye kando ya barabara kwa miguu. Mtu akishtuliwa na sauti ya namna ile huruka kwanza na kufikiri baadaye, na hakuna awezaye kujua ataruka upande gani. Huenda akarukia palepale mwendesha baiskeli alipokusudia kupita.

Watunga sheria wa nchi mbalimbali wameliona hilo. Mkataba wa Vienna wa Usafiri Barabarani wa 1968 unataka baiskeli iwe na kengele inayosikika umbali wa kutosha, na isiwe na chombo kingine cha kutoa onyo kwa sauti. Ufaransa imeweka kipimo: isikike kwa mita zisizopungua 50. Ujerumani nayo hukubali kengele na kukataa vingine, zikiwemo zile zinazoendeshwa na mzunguko wa gurudumu. Uingereza imechukua njia ya katikati, kwa kuwa kanuni zake za 2010 zinamtaka muuzaji auze baiskeli mpya ikiwa na kengele, huku mnunuzi akiwa halazimiki kubaki nayo. Japani imekwenda mbali kuliko hizo. Huko kengele ni ya lazima, lakini kuipiga ovyo ni kosa. Inaruhusiwa penye alama ya kuagiza hivyo au pale hatari isipoepukika bila kuipiga. Mwendesha baiskeli anayejisafishia njia kwa kengele katikati ya waenda kwa miguu amevunja sheria ya huko. Msimamo huo unaweza kuonekana mkali mno, lakini una hoja, maana aliye kwa miguu hana deni kwa aliye kwenye magurudumu.

Namna ya kuipiga, kwa hiyo, ni sehemu ya ubora wake. Baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa hula mita 4 na ushei kila sekunde. Mtu huhitaji muda wa kusikia, kuelewa na kusogea, kwa hiyo kengele ya mita tano imechelewa. Ya mita 15 au 20 imekuja na wakati wake, na inampa hata mpigaji nafasi ya kupunguza mwendo. Mlio mmoja au miwili yatosha. Kuupiga mfululizo mgongoni mwa mtu ni kumfokea. Wasukuma mikokoteni wa Mombasa na Zanzibar hupaza sauti, "Simile! Simile!", wakiwa bado mbali, na watu hupisha bila kinyongo kwa kuwa wameombwa mapema. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe kuna ugumu mwingine: sauti hugonga kuta ndefu za mawe na kurudi, asikiaye asijue inatoka mbele au nyuma. Pale kengele hupigwa kabla ya kona, na kona yenyewe huingiwa polepole. Mwenye vipokea sauti masikioni hataisikia, kiziwi hali kadhalika, na mbuzi huisikia bila kujali. Kwa hao hakuna kengele ya kununua.

Dukani, kengele isijaribiwe ndani. Kuta na rafu za bati huikuza sauti, na kila kengele huonekana nzuri. Mnunuzi amwombe muuzaji aipige mlangoni, yeye asimame ng'ambo ya barabara, ageuke, asikilize magari yakiwa yanapita. Kipenyo cha usukani nacho kiangaliwe. Kengele nyingi hutengenezwa kwa bomba la milimita 22.2, ambalo ndilo la sehemu ya kushikia; baiskeli nyingi mpya za milimani zina usukani unaonenepa hadi milimita 31.8 katikati, na pale kibano kifupi cha kengele hakitafunga. Mahali pa kengele ni karibu na dole gumba, ili mkono usilazimike kuachia breki. Kikombe kisiguse waya wala fito ya breki, kwani metali inayoguswa haiimbi. Kengele nyingi zinazolaumiwa kuwa mbovu zimeegemea kitu tu.

Matunzo ni machache. Kengele ya gia hufunguliwa kwa kukizungusha kikombe chake, vumbi likafutwa kwa kitambaa kikavu, gia zikapewa tone la mafuta. Kikombe kisipakwe mafuta wala grisi kwa ndani, maana utando huo ndio unaoua mlio. Msimu wa mvua kazi hii hufanywa mara nyingi zaidi, kwani tope likikauka ndani huzishika gia. Springi ikikatika au meno yakilika, sehemu ya ndani hutupwa. Kikombe cha shaba hakina haja ya kutupwa nayo. Kikilingana na msumari wa kengele nyingine, fundi hukifunga hapo na kazi ikaendelea.