Usafi wa Sabuni

Tununuapo sabuni, wengi wetu twauliza kama ina mafuta ya nguruwe, na ni wajibu wetu kuuliza. Lakini ni wangapi waulizao ni mnyama gani aliyeteswa kabla haijatufikia? Mwaka 1944, huko Marekani, John Draize na wenzake walitangaza njia ya kujaribu vipodozi na madawa kwa kuvitia katika jicho la sungura aliye hai, kisha kutazama jicho litaharibika kiasi gani. Sungura huyo haandikwi katika orodha ya vilivyotiwa. Basi sabuni yaweza kuwa ya mafuta ya nazi matupu, isiwe na hata tone la shahamu, na juu ya hayo iwe imepitia jichoni mwake. Haya ni mambo mawili mbali mbali.

Atasema mtu: “Mimi sikutesa, nimenunua tu.” Nasi twamwuliza: mwenye kiwanda amtengenezea nani? Twajua sote habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Tangu mwaka 2013 Umoja wa Ulaya umekataza kuuza vipodozi vipya vilivyojaribiwa kwa wanyama, na wanawake wa huko hawakukosa poda wala wanja. Mwenye duka huleta kinachoulizwa. Na jambo hili bado hatujamwuliza.