Jiwe la Mfalme Cyngen

Mfalme Cyngen wa Powys, huko Wales, hakutaka wazee wake wasahaulike. Katika karne ya 9 alisimamisha msalaba mrefu wa jiwe juu ya kilima cha makaburi ya kale, karibu na Llangollen ya leo, akamwagiza Conmarch auchonge maandishi kwa Kilatini. Ilikuwa mistari ipatayo 31: nasaba ya wafalme, habari za Elisedd, baba wa babu yake Cyngen, aliyeikomboa Powys kwa upanga na moto, na ombi kwamba kila atakayesoma aiombee baraka roho ya Elisedd. Baadaye Cyngen alikwenda Roma, akafia huko. Jiwe akaliachia kazi ya kukumbuka.

Msalaba ulipata heshima kubwa. Watawa waliojenga abasia jirani mwaka 1201 waliiita Valle Crucis, yaani Bonde la Msalaba. Lakini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza vya karne ya 17 uliangushwa, inasemekana na askari wa Bunge waliompinga mfalme.

Askari hao wanastahili lawama, ila si wao waliofuta maneno. Mvua na baridi vilikuwa vikiyala pole pole kwa mamia ya miaka, bila kelele, wala hakuna aliyeshtuka. Mwaka 1696 mwanazuoni Edward Lhuyd alipoyanakili, sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kulika. Alichukua herufi zilizosomeka, na palipofutika pakabaki pengo. Laiti angekuja mtu wa namna yake miaka 200 kabla!

Mwaka 1779 Trevor Lloyd, mwenye ardhi wa hapo, alikisimamisha tena kipande kilichobaki, akachongesha maneno mengine upande wa pili kueleza alivyolirudisha jiwe mahali pake. Alifanya jambo jema, lakini nguzo ilibaki wazi kwa mvua ile ile. Leo mgeni akipanda pale, maandishi ya Conmarch hayasomeki tena. Tunayoyajua yamehifadhiwa na karatasi.

Basi ndugu msomaji, kama kwenu kuna kaburi la mzee lenye maandishi, au kibao cha kale msikitini au kanisani, usingoje. Nenda na daftari, nakili kila herufi, hata usizozielewa, piga na picha, kisha nakala moja mpe mtu mwingine aitunze.