Je, Vita Humkomaza Mtu?

Tarehe 7 Aprili 1979, Wajapani walianza kuonyeshwa katuni ya roboti kubwa za vita, jina lake Gundam. Siku nne baadaye Kampala ilitekwa, na wazazi wetu wa Arua na Koboko wakaanza kukimbilia Zaire na Sudan. Wapo wasemao kwamba dhiki ile ndiyo iliyotukomaza. Je, ni kweli?

Katikati ya katuni hiyo, kijana Amuro, rubani wa roboti, awatoroka wenzake. Mkahawani jangwani akutana na Ramba Ral, askari wa adui, ambaye amsifu kwa ujasiri wake na kumwacha aende zake. Baadaye wapigana, vyuma vyapasuka, nyuso zaonana. Amuro ashinda, lakini wenzake wamfunga kwa utoro.

Kwa maoni yetu, kilichomkomaza si ushindi, bali kuujua uso wa aliyepigana naye. Vita havina macho, walinena wahenga. Nasi walimu, ambao leo madarasani mwetu wajukuu wa wakimbizi wa jana wameketi na watoto wa wakimbizi kutoka Sudan Kusini, tusiwasifie vita. Tuwafundishe kutazamana.