Boriti na Santuri

Usipoziba ufa utajenga ukuta: kwamba kukarabati ni wema, hakuna abishaye. Linalobishaniwa ni jingine. Kazi ya mtu aliyekwisha kufa, je, walio hai wana haki ya kuitengeneza?

Tarehe 25 Oktoba 2024 bendi ya Queen ilitoa upya albamu yake ya kwanza, ya mwaka 1973. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, akafariki London mwaka 1991. Mwaka 2015 albamu hiyo ilikuwa imekwisha kutolewa katika santuri nzito ya gramu 180, sauti ikiwa imesafishwa tu. Safari hii mkono ulikwenda mbali zaidi. Sauti zilichanganywa upya, dramu zikapewa mlio ambao wenzake walisema waliutaka tangu awali, na wimbo mmoja ulioachwa nje ukarudishwa mahali pake. Hata jina likaongezwa namba: Queen I.

Mtetezi atasema kuwa hiyo ni kutimiza nia. Mpinzani atauliza: nia ya nani, na mwenye sauti hayupo kuitika wala kukataa?

Mji aliozaliwa Mercury unalijua swali hili kwa njia yake. Dari za nyumba kongwe za Mji Mkongwe hushikiliwa na boriti za mikoko, na delta ya Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Wilaya ya Kibiti, ilileta boriti hizo kwa majahazi kizazi baada ya kizazi. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Boriti ikioza, fundi huichomoa na kutia nyingine, na wenye nyumba hawasemi kwamba wamehama. Lakini ile ya kwanza imekwenda, hairudi. Santuri ni tofauti: ya 1973 yaweza kubaki, na mpya ikawa kando yake. Basi kosa haliko katika kutengeneza, liko katika kuizika ya kwanza.

Mkoko wenyewe una hoja. Mbegu yake huota ingali juu ya mti mama, kisha mche hudondoka matopeni ukiwa tayari kushika mizizi. Mche si mama, wala haudai kuwa mama. Mkataji mwenye busara huacha mama asimame.

Hatari ni kwa mtoto wa kesho, atakayeisikia dramu ya 2024 akadhani ndivyo vijana wanne walivyosikika mwaka 1973. Uzito wa sahani hautamwambia kweli. Marehemu hawezi kujitetea. Kwa hiyo walio hai wanadaiwa mambo mawili: kuiacha kazi ya kwanza isikike, na kuandika wazi juu ya jalada nini kimebadilishwa, na nani, na lini. Atakayetimiza hayo na atengeneze. Asiyetimiza amevaa sauti ya mwenzake.